Dawa ya Safura

Siki kuukuu ya mnazi humiminwa kwenye bakuli kubwa. Mavi ya chuma ya zamani hutiwa motoni mpaka yawe mekundu, kisha hutumbukizwa ndani ya siki yakiwa moto vile vile. Huongezwa mvuje uzito wa nusu rupia, ambao ni kama gramu 6, na koperasi kiasi hicho hicho. Mgonjwa hunywa bilauri ndogo asubuhi hajatia kitu kinywani, na nyingine jioni, siku saba mfululizo. Hutapika na kuharisha choo cheusi. Chakula chake ni mchele wa zamani au mtama na maji. Kuku huja baadaye, siku zikishasogea. Samaki, siagi, mayai na nyama ya ng'ombe ni mwiko kwake kwa miaka miwili, na akiuvunja atakufa.

Hivyo ndivyo dawa ya safura ilivyosimuliwa mwaka 1870 huko Bambarre, nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Msimulizi alikuwa Mohamad, mtu wa misafara ya pwani, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kutibu maradhi hayo. Aliyeandika ni David Livingstone, aliyekuwa amekwama hapo kwa vidonda vya miguu akizingojea dawa zake mwenyewe. Daftari zake zilichapwa mwaka 1874, yeye akiwa ameshakufa, na habari ya safura haifiki hata ukurasa mzima. Watu wengi wanaosoma safari zake hupita hapo bila kusimama.

Mimi nilisimama. Nimefanya kazi ya ukunga Pemba mpaka kustaafu, na safura kwetu si habari ya vitabuni. Ni neno la bibi zetu, wanaolitaja mtoto akipauka macho, kuvimba miguu na kula udongo, au mwari akipanda ngazi mbili na kukaa chini kuhema. Kilichonisimamisha katika dawa ile ni koperasi. Katika biashara ya karne ya 19 jina hilo lilikuwa la chumvi ya kijani inayotokana na chuma na asidi ya salfa. Maabara leo wanaiita ferasi salfeti. Ndiyo iliyomo katika vidonge vya kuongeza damu ambavyo nimewapa wajawazito kwa miaka yangu yote ya kazi. Mzee yule wa Mohamad, ambaye hata jina lake halikuandikwa, alikuwa akitibu watu waliopungukiwa na chuma kwa kuwapa chuma. Tena aliwapa kwa njia mbili kwa mpigo: koperasi, na yale mavi ya chuma yaliyozimwa kwenye siki.

Siki pale ina kazi yake. Udongo wetu wa Pemba ni mwekundu kwa sababu umejaa chuma, na pwani hii imefua chuma tangu zamani sana. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na wakikifanyia biashara. Lakini chuma kilichokwisha kushika kutu hakiyeyuki, na kisichoyeyuka utumbo haukipokei. Hupita tu. Asidi ndiyo inayokimega na kukifanya kiingie mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo nilikuwa nikiwaambia wazazi wangu wa kliniki wameze vidonge vyao kwa maji ya ndimu au ya chungwa, wala wasivimeze kwa chai, maana chai hukikamata chuma tumboni kisifyonzwe. Waganga wa tiba ya Kiyunani, waliorithi vitabu vya Waarabu, huko India na Pakistan hadi leo hutengeneza maajuni ya mavi ya chuma yaliyolowekwa kwenye siki, na humpa mtu aliyepungukiwa damu. Basi elimu ya mzee yule haikuzuka porini. Ilikuwa na nasaba ndefu, ilisafiri kwa jahazi, na ikaingia bara na misafara.

Ulaya nayo ilikuwa na ya kwake. Thomas Sydenham, daktari wa Uingereza, aliwapa wanawake waliopauka chuma kilichosagwa tangu karne ya 17, na mwaka 1832 Pierre Blaud, daktari wa Kifaransa, alitangaza vidonge vyake vya ferasi salfeti ambavyo vilitumika kwa karibu miaka mia. Livingstone alikuwa daktari aliyehitimu. Vidonge vya namna hiyo asingekosa kuvijua. Hata hivyo, alipoisikia habari ya safura alidhani ni nyongo iliyoganda na kuziba njia, na kwamba udongo anaokula mgonjwa ni jitihada ya mwili kuizibua. Dawa ilikuwa sahihi kuliko maelezo ya daktari aliyeiandika.

Kuna sentensi moja nyingine katika habari ile ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi aijue. Livingstone aliandika namna ya kuitambua safura: ubinye ukucha wa mgonjwa, na kama damu haionekani chini yake, basi safura ndiyo iliyommaliza damu. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Ukucha wa mtu mzima wa afya ukiubinya unapauka, ukiuachia unarudi mwekundu pale pale, kama mtu aliyeona haya. Wa mwenye safura haurudi. Unabaki na rangi ya nta, na wakati mwingine umebonyea katikati hata tone la maji linaweza kukaa juu yake lisimwagike. Kisha unashusha kope ya chini. Unamwambia atoe ulimi, unaukuta umelainika kama uliopigwa pasi, na pembe za midomo zimechanika. Viganja havina mistari myekundu. Kabla hujafika kwenye kipimo chochote umeshajua.

Mtu mzima ana gramu 3 au 4 tu za chuma mwili mzima. Kiasi cha theluthi mbili zimo katika hemoglobini, kile kitu chekundu kinachobeba hewa ndani ya seli za damu. Seli hizo huishi siku 120 hivi, na zikifa mwili hukiokota chuma chake chote na kutengenezea nyingine. Mwili ni bakhili sana wa chuma. Kwa siku hupoteza miligramu moja hivi, na hujazia kiasi hicho hicho kutoka kwenye chakula. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza zaidi. Mimba moja, ukihesabu mtoto, kondo na damu ya kujifungua, inahitaji kama gramu moja nzima, yaani robo au theluthi ya chuma chote alichonacho mama.

Kinapoanza kupungua, mwili hutumia kwanza akiba iliyomo kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa. Hapo mtu hana dalili ya wazi. Amechoka tu, na watu humwambia mvivu. Akiba ikiisha, misuli hukosa nguvu, miguu haitulii usiku, mtoto shuleni anaangalia ubao bila kushika kitu. Ndipo damu yenyewe huanza kuharibika: seli zinatoka ndogo na zimepauka. Moyo, ili kufidia, hupiga mbio. Mwanamke anakwambia anausikia moyo wake masikioni akilala. Mwisho kabisa miguu huvimba, pumzi hukatika, na moyo uliokimbia miezi hushindwa. Livingstone aliyaona yote hayo bila kujua anachokitazama: miguu iliyovimba, nyama zilizokwisha mwilini, uso uliosawijika, mtu anayetembea kwa taabu kwa kukosa pumzi, na ambaye bado anaendelea kula udongo mpaka afe.

Mmoja wa wagonjwa wa Bambarre alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi. Jina lake halimo. Alikuwa amebeba mzigo mkubwa mno wa shaba, na safura ilimpata kwenye mto Lualaba. Wakati Livingstone anaandika, mtu huyo aliyekuwa akibeba shaba alitembea kwa shida kubwa. Na Livingstone akaongeza jambo ambalo nadhani lilimshangaza mwenyewe: Lualaba chakula kilikuwa tele, na mpagazi yule alikuwa ameridhika na hali yake. Aliandika pia kwamba watumwa hawali udongo ili wajiue, na kwamba matajiri wenye kula na kusaza nao hupatwa.

Namshukuru kwa kuyaandika hayo, kwa sababu enzi zile wenye nguvu waliamini kinyume chake. Katika mashamba ya Karibi na Brazili, mabwana waliona kula udongo kuwa ni ukaidi, au njia ya mtumwa ya kumkosesha bwana mali yake kwa kujiua. Waliwafunga wagonjwa barakoa za bati au chuma usoni, zenye kufuli nyuma ya kichwa, wasiweze kutia kitu mdomoni. Jean-Baptiste Debret, mchoraji wa Kifaransa aliyeishi Brazili kuanzia 1816 hadi 1831, alimchora mmoja wao. Siwezi kuitazama picha ile kwa muda mrefu. Mtu aliyekuwa akilia kwa chuma cha damu alipewa cha kufungwa usoni.

Kwa nini basi mpagazi aliyeshiba akaugua? Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana Misri. Katika miaka ya 1850 Wilhelm Griesinger, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa kukosa damu, akakuta utumbo wake umejaa minyoo midogo yenye urefu wa sentimita moja hivi, imeng'ata, na damu imemwagika. Mnyoo wenyewe alishauona Angelo Dubini huko Milan mwaka 1838, lakini hakuwa amejua kuwa unaua. Uliingiaje tumboni? Watu walidhani kwa maji na chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mtafiti Arthur Looss, huko huko Misri, alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya mnyoo huo. Ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu. Wiki kadhaa baadaye akakuta mayai ya mnyoo katika choo chake mwenyewe. Alikuwa ameingiliwa kupitia ngozi.

Mwasho ule tunaujua sisi. Ni ule wa katikati ya vidole vya miguu unaompata mtu aliyepita shamba lenye umande peku. Kutoka pale viluwiluwi huingia kwenye damu, hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndani ya utumbo hukua na kuuma. Ile aina mbaya zaidi, ankilostoma, mnyoo mmoja unaweza kumpotezea mtu karibu sehemu ya tano ya mililita ya damu kwa siku. Minyoo 100 ni mililita 20. Mililita moja ya damu nzuri ina karibu nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo mtu huyo anatoa miligramu 10 kwa siku wakati chakula, hata kiwe kizuri, kinamrudishia moja au mbili. Ndiyo maana kushiba hakukumsaidia Mnyamwezi yule. Misafara ililala kambi zile zile, mwaka nenda mwaka rudi, watu mamia, hakuna choo, miguu peku, na kando ya mito ardhi haikauki.

Sasa fikiria mashamba ya karafuu. Mikarafuu ilienea Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Seyyid Said na matajiri waliomfuata, na kimbunga cha Aprili 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo mpaka leo. Yai la mnyoo wa safura linataka udongo wenye joto, unyevu na kivuli. Jua kali hulikausha. Mkarafuu unalipatia vyote vitatu, na watumwa waliopalilia chini yake hawakuwa na viatu wala vyoo, na chakula chao kikubwa kilikuwa muhogo, ambao una chuma kidogo sana. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Minyoo haikuacha shamba kwa sababu sheria imebadilika. Waliobaki kama wakulima na wachumaji, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, walirithi ardhi ile ile. Mimi ni katika hao. Msimu wa karafuu tulihamia shamba familia nzima, tukalala kambini, na haja tulikwenda chini ya miti.

Katika habari ya Bambarre wanawake wamepewa nusu ya sentensi: kwamba wanawake wa Manyema wakiwa waja wazito mara nyingi hula udongo, na kwamba udongo unaopendwa zaidi ni ule uliojengewa kuta, na kwamba una harufu nzuri kwa walaji. Nusu sentensi hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Nakumbuka binti mmoja, mimba yake ya tatu, aliyekuja kliniki na mchele mbichi ameufunga kwenye pembe ya kanga. Alikuwa akiumumunya punje moja moja huku akingoja zamu. Nilimuuliza kama anakula na kitu kingine. Akatazama chini.

"Nakula kiambaza, bi mkunga."

"Cha nyumba yako?"

"Cha jikoni. Mvua ikipiga tu ule ukuta, harufu yake ikanifikia, mate yananijaa. Mume wangu kashauziba mara mbili."

"Na moyo?"

"Moyo unakwenda mbio. Nikibeba ndoo ya maji napumzika mara tatu njiani."

Nilimbinya ukucha. Mambo yote matatu aliyonieleza, udongo, moyo na pumzi, yalikuwa ni jambo moja, na nilimwambia hivyo, kwa sababu alikuwa ameshambuliwa vya kutosha nyumbani kwa tabia chafu. Hamu ile si uchafu wala si shetani. Kwa wengi hupungua ndani ya siku chache baada ya kuanza kupewa chuma, hata kabla damu haijapanda, na hakuna jambo lililokuwa likinifurahisha zaidi kliniki kuliko mwanamke kurudi akaniambia ukuta haumwiti tena.

Lipi linatangulia, udongo au upungufu wa damu? Wataalamu wanabishana. Baadhi ya udongo hukamata chuma tumboni kama chai inavyofanya, kwa hiyo anayeanza kula kwa kukosa chuma huzidi kukikosa. Utafiti uliofanywa Pemba na kuchapwa mwaka 2010, uliohusisha wajawazito zaidi ya 2,300, ulikuta walaji wa mchele mbichi ni wengi kuliko walaji wa udongo kwa mbali sana, na kwamba wenye hamu hizo walikuwa na upungufu wa damu zaidi ya wenzao. Kilifi, katika miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa walisema wanakula udongo mara kwa mara. Watafiti wa Kilifi walifanya jambo la heshima: waliwauliza wanawake wenyewe sababu. Wakajibiwa kwamba ni mimba, ni upungufu wa damu, ni safura, ni minyoo. Wanawake wale, wengi wao bila shule ya maana, walivitaja pamoja vitu ambavyo Griesinger, Looss na Blaud walivigundua kimoja kimoja katika nchi mbili.

Kupima nako kuna historia yake. Wakubwa zangu wa kazi walitumia kitabu cha Tallqvist: tone la damu kwenye karatasi ya kunyonyea wino, kisha unalilinganisha na safu ya rangi nyekundu zilizochapwa, kutoka iliyopauka mpaka iliyoiva. Mwanga wa dirisha ukibadilika, jibu nalo linabadilika. Vikaja vichupa, vikaja vimashine vidogo vinavyosoma tone moja na kutoa namba. Mjamzito mwenye wekundu wa damu chini ya 11 anahesabiwa amepungukiwa. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Namba hiyo ya 7 wakunga tunaiogopa kwa sababu moja. Kila mwanamke anayejifungua hupoteza damu, na nusu lita si ajabu. Mwenye damu ya kutosha atachoka, atalala, atakunywa uji, atanyonyesha. Mwenye 6 hana pa kutolea. Kiasi kile kile cha damu ambacho jirani yake amekipoteza akaamka kesho yake, yeye kinamuua, na unamwona akienda mbele ya macho yako hali mtoto analia upande wa pili wa chumba. Nimelishuhudia hilo, na sina namna ya kulieleza zaidi ya hapo.

Pemba ilikuja kuwa mahali ambapo dunia ilijifunzia habari ya minyoo na damu. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Rebecca Stoltzfus, pamoja na wenzao wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, waliwapima watoto wa shule 3,595 hapa kisiwani. Zaidi ya nusu walikuwa wamepungukiwa damu, na kwa wengi wao sababu ilikuwa kukosa chuma. Hesabu yao ya mwisho ndiyo iliyonigusa: asilimia 73 ya upungufu mkali wa damu ilitokana na minyoo ya safura. Tangu wakati huo watoto wetu wakagawiwa dawa za minyoo shuleni, na mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la mtaalamu wa Kiitalia wa vimelea.

Wajawazito walisubiri. Kwa miaka mingi tuliambiwa dawa ya minyoo asipewe mwenye mimba, kwa hofu ya mtoto. Tulimpa chuma mkono mmoja, na minyoo ikakitoa usiku na mchana. Ni baada ya wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani kukutana mwaka 1994 ndipo ushauri ulipobadilika: baada ya miezi mitatu ya kwanza, apewe. Leo katika kliniki za Tanzania mjamzito hupata dawa ya minyoo na vidonge vya chuma mezani pale pale. Ukiuliza kwa nini ilichelewa hivyo, jibu langu ni kwamba aliyekuwa akiumia hakuwa akiulizwa. Na chakula je? Ule mwiko wa miaka miwili wa samaki, mayai na nyama ulikuwa kosa kubwa la dawa ya mzee wa Mohamad, maana chuma cha nyama na samaki ndicho mwili unachokipokea kwa urahisi kuliko vyote. Lakini nimewakuta wajawazito wa zama zangu waliokatazwa mayai, na nyumba nyingi ambamo samaki hupakuliwa kwa wanaume, kisha kwa watoto, mama akabaki na mchuzi. Kwa jambo hilo sioni kwamba tumesogea mbali na Bambarre.

Yapo niliyojifunza uzeeni. Mwaka 2002 ulianza hapa Pemba uchunguzi mkubwa wa watoto wadogo, zaidi ya 24,000, wenye umri wa mwezi mmoja hadi 35. Baadhi walipewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza, wengine hawakupewa. Sisi wauguzi tuliamini matokeo yatakuwa mema tu. Nani angedhani chuma kinaweza kumdhuru mtoto aliyepauka? Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Waliokuwa wakipewa walilazwa hospitali kwa maradhi mazito au kufariki zaidi ya wenzao, kwa asilimia 12, na matokeo yalichapwa mwaka 2006 bila kufichwa. Malaria wakati ule ilikuwa imejaa kisiwani, na vimelea vya maradhi navyo vinakitaka chuma. Mwili mtoto akiwa na homa hukificha kwa makusudi, kwa kutumia homoni iitwayo hepsidini ambayo yenyewe iligunduliwa mwanzoni mwa karne hii. Katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walinufaika nacho.

Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake, na sasa linasema penye malaria chuma kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Ushauri huo unawahusu watoto wa Afrika nzima, na umetokana na watoto wa Micheweni, Wete, Chake na Mkoani. Tangu katikati ya miaka ya 2000 vyandarua na dawa mpya vimeishusha malaria ya Zanzibar kwa kiasi ambacho sikutegemea kukiona maishani mwangu. Kwa hiyo hesabu ya mwaka 2003 si lazima iwe hesabu ya leo. Mtoto wa miaka miwili aliyepauka, anayeishi kijiji kisichoona malaria msimu mzima, anastahili apimwe damu yake na chuma chake, aangaliwe minyoo, kisha aamuliwe yeye kama yeye. Vipimo vya akiba ya chuma vituo vya vijijini havina. Ningependa vifike, na ningependa swali hilo safari hii liulizwe na vijana wetu wenyewe waliosomea maabara, ambao mama zao niliwabinya kucha.